Kahawa ya Celina Kwenye Bango la Muthamia

Mama Kinoti anasema Muthamia aliingia kwa Mwiti na panga mkononi. Anasema alimwona kwa macho yake mawili akipita langoni bila hodi, bango lake mwenyewe amelifunga shingoni kama mtu anayenyolewa, akasimama katikati ya uwanja na kuita, "Nileteeni huyo msichana aliyenioza kwa mamake!" Anasema Celina, mke wa Mwiti, alitoka jikoni na mwiko wa uji wa moto, na kama si yeye Mama Kinoti, jirani, kukohoa upande wa pili wa ua, Githongo nzima ingekuwa imelala matanga.

Panga halikuwako. Muthamia alipiga hodi, tena akangoja kuitikiwa. Akapewa kiti, akapewa chai, akaongezewa. Bango alikuwa nalo kweli, lakini amelikunja vizuri ndani ya gunia safi. Na habari ya kuozwa haikutoka kinywani mwake. Ilitoka kwenye foleni ya kiwanda cha kahawa, na kufikia siku aliyopiga hodi ilikuwa imezunguka soko, imeingia kanisani, imetoka na watu zaidi.

Bango lenyewe lilitundikwa Jumanne alfajiri kwenye njia ya kiwandani, kati ya nguzo mbili za stima. Muthamia alikuwa ndani yake amevaa suti ya buluu, mkono mmoja juu kama anayebariki ng'ombe. Nyuma yake kahawa imeiva, nyekundu, matawi yameinama kwa uzito. Chini yake maneno makubwa: MUTHAMIA, MKULIMA KAMILI. Alikuwa anagombea ukurugenzi wa ushirika.

Aliyelichora kwa kompyuta ni Kathure, bintiye Mwiti na Celina. Ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza kwa mtu asiye wa ukoo. Zilizotangulia zilikuwa za jamaa: kadi ya harusi ya binamu, kitabu cha mazishi ya nyanya yao, tangazo la vifaranga. Na jamaa ana lugha yake. "Si ni kubonyeza tu?" ndivyo walivyomwambia. Mmoja alimlipa mkungu wa ndizi, halafu akarudi kuomba nusu yake kwa sababu amepata wageni.

Kwa hiyo Muthamia alipokuja na picha yake kwenye simu, Kathure aliifanya ile kazi kama mtu anayemwosha mtoto wa kwanza. Picha ilikuwa ya harusini huko Nkubu. Begani mwa Muthamia kulikuwa na mkono wa mwanamke, wenye pete na kucha nyekundu. Kathure aliuondoa ule mkono kidole kwa kidole mpaka bega likabaki bega. Akanyoosha tai. Akapunguza mng'ao wa kipara. Stima ilipotea mara kadhaa, na kila ikirudi alirudi kwenye uso ule ule.

"Nyuma nikuweke wapi, Mzee?" alikuwa amemwuliza.

"Niweke kwa kahawa. Iwe imeiva."

"Basi nije kwako nikupige picha shambani."

"Kwangu kuna matope," Muthamia akasema haraka. "Kahawa ni kahawa, mwanangu. Weka yoyote."

Kathure akaweka aliyokuwa nayo. Ilikuwa kwenye simu yake, aliipiga asubuhi moja baada ya mvua, kwa kuwa ilipendeza tu. Kahawa ya mamake.

*

Wanawake waliokuwa wamejipanga kwa mizani ndio walioanza.

"Hii kahawa mimi naijua," mmoja akasema, ndoo bado iko mgongoni.

"Utajuaje kahawa kwa picha?"

"Si uangalie jinsi imekatwa! Mashina matatu, moja limelala. Nani mwingine hukata hivyo? Halafu tazama huo mti hapo nyuma ya sikio lake. Una bati kiunoni. Hiyo bati ni ya kuzuia nyegere asipande kwa mzinga. Huo ni mzinga wa Mwiti. Hiyo ni kwa Celina!"

Foleni nzima ikasogea chini ya bango. Wakatafuta mzinga, wakaupata. Wakatafuta nyegere kwa mzaha. Mzee mmoja aliyekuwa amekalia gunia lake akasema polepole, "Basi Muthamia amechukua kahawa, amechukua na mzinga. Bado kitanda," na hapo kicheko kikashuka hadi mtoni.

Kosa la Kathure lilikuwa hilo. Alidhani watu hutazama uso. Mjini labda. Huku mtu akiona picha ya mwenzake husoma kwanza kilicho nyuma yake: ni shamba la nani, limepaliliwa, ng'ombe ameshiba? Uso huoshwa kwa maji. Shamba haliogi.

Na watu wakishamaliza kucheka huanza kufikiri, na hapo ndipo Muthamia alipoumia. Kama hii ni ya Celina, yake iko wapi? Wazee walijua iko wapi. Aliing'oa, shina kwa shina, akapanda avokado, wakati Kathure yuko mjini Meru akisomea kompyuta. Kanuni za ushirika zinasema mkurugenzi lazima awe na kahawa shambani mwake. Muthamia alikuwa akinunua kahawa ya watu wenye shida na kuipitisha kwa mizani kwa nambari yake. Jambo hilo lilijulikana kwa kila mtu, lakini kwa sauti ya chini. Sasa lilikuwa limetundikwa barabarani, na rangi juu.

*

Mwiti alirudi jioni hiyo na mkebe wake wa maziwa, akauweka chini kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Nimeulizwa nalala wapi leo," akasema.

Celina alikuwa anachambua maharagwe. "Nani amekuuliza?"

"Kila mtu! Kwa hoteli, kwa maziwa, mpaka yule kijana wa kushona viatu. Ati nikikosa mahali, yeye ana kibanda." Akamgeukia Kathure. "Umenifanya kicheko, wewe."

"Baba, sikujua watu wataangalia miti."

"Ulidhani wataangalia nini? Muthamia tunamwona kila siku. Kuna nini ya kuangalia kwa Muthamia?"

Celina akainama kwenye ungo, mabega yakimtikisika. "Mimi ndiye niliyeolewa, na mbona silalamiki?"

"Mama Kathure, usicheke."

"Sicheki. Lakini nilipita pale. Kahawa yangu imetoka vizuri. Hata wewe hujawahi kuisifu hivyo."

Mwiti akavuta kiti. Akakaa, akavua gambuti, akaongea na gambuti. "Anti yake amepiga simu tena. Anasema kitanda kiko."

Mabega ya Celina yakatulia, maana hilo halikuwa la kucheka. Huyo anti, Wambeti, mke wa kaka yake Mwiti, alikuwa na duka la pazia mjini Embu na alitaka mtu wa kumsaidia. Mwiti na Kathure walikuwa wameelewana: mpaka kahawa ya msimu huu iishe kuchumwa. Kama kazi ya kuchora itakuwa imesimama kwa miguu yake, sawa. La sivyo laptopu iuzwe, na Kathure aende Embu akapime madirisha ya watu.

"Pazia hazina maneno," Mwiti akasema. "Mtu akinunua pazia, amenunua."

"Kahawa bado haijaisha, Baba."

"Imebaki kidogo."

"Hata kidogo ni kahawa," Celina akasema kwenye ungo wake.

*

Siku ya pili yake ndipo Muthamia alipokuja na gunia lake safi.

"Muga hapa?" akasalimu kwa Kimeru.

"Muga muno," Mwiti akaitikia, akainuka kumpisha kiti kizuri.

Hao wawili waliitana rika. Walitahiriwa msimu mmoja, wakauguza vidonda kwenye nyumba moja, na mpaka leo kila mmoja alijua mwenzake alilia lini. Huku kwao mtu wa rika lako humwambii hapana mbele ya watu. Unaweza kumwambia kesho, pembeni, ukizungukia habari za mvua na mifugo. Lakini mbele ya watu, ukimkana umejikana.

Muthamia alikunywa chai yake hadi chini, akasifu maziwa, akauliza ng'ombe anazaa lini. Kisha akalitoa bango, akalifungua kidogo, upande wa uso tu.

"Kazi ni nzuri," akamwambia Kathure. "Mke wangu amesema hajawahi kuniona hivyo. Mimi sina shida na kazi."

"Asante, Mzee."

"Shida ni watu. Wewe ni mtoto, hujui watu. Jumamosi kuna mkutano mkuu kiwandani. Nitaitwa niongee. Nitakapofika kwa hii habari ya picha, wewe utasimama kidogo, useme ile kahawa uliiweka mwenyewe, mimi sikujua. Uwaombe wakulima msamaha. Iishe."

"Lakini nilikuuliza. Nilitaka kuja kwako nikupige picha. Ukasema weka yoyote."

"Nimesema sikusema?" Muthamia akacheka kwa upole. "Sisemi umekosa, mwanangu. Nasema useme umekosa. Kosa la mtoto husamehewa kabla chai haijapoa. La mzee hukaa." Akamwinamia. "Na nikiingia pale ndani, kalenda ya ushirika ni yako. Kadi za wakulima, ni zako. Hata kibao cha kiwanda kimechakaa, umekiona? Chako."

Ilikuwa kazi nyingi. Kathure aliiona yote kwa wakati mmoja, kalenda kwenye kuta za nyumba zote za kule juu, na akaona pia kilicho nyuma yake.

"Na watu wengine?" akauliza. "Nikishasimama niseme mimi hubandika vitu kwa picha ya mtu bila yeye kujua, nani mwingine ataniletea picha yake?"

Muthamia akamtazama kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haikuwepo. Halafu akamwacha, akamgeukia Mwiti.

"Rika. Utamwambia?"

Mwiti alikuwa anatazama majani ya chai chini ya kikombe.

"Tutaongea," akasema.

Muthamia akalichukua hilo kuwa ndiyo. Akakunja bango, akaaga vizuri. Pale langoni akamsalimu Mama Kinoti, ambaye kwa bahati alikuwa anapalilia ua.

*

Kabla ya Jumamosi akaja Kanana, kiongozi wa kwaya, aliyekuwa amempa Kathure kazi ya kadi za harambee ya vyombo vya muziki. Alikuja na mayai kwenye kikapu, na Kathure alipoyaona mayai akajua, kwa sababu Kanana hakuwa mtu wa kuleta mayai.

"Si kwamba tunaogopa," Kanana akasema akiwa bado wima. "Mchungaji amesema tu tungoje kidogo. Tuone."

"Kadi zimekaribia kuisha. Njoo nikuonyeshe."

"Usinionyeshe, nitazipenda." Akaweka mayai kwenye kiti. "Watu wanasema ni wewe uliyemweka Muthamia huko. Wengine wanasema ni yeye. Sasa kwaya iko njia panda. Usije ukatuweka mbele ya kanisa la watu wengine, tukaulizwa tumehama lini."

Akacheka. Kathure pia akacheka kwa adabu. Kanana alipoondoka, Celina akayachukua mayai, akayahesabu kwa macho, akayaweka kabatini.

"Angalau yeye ameleta kitu," akasema. "Wengine watakuja mikono mitupu."

Jioni Kathure alimkuta babake anarekebisha mlango wa zizi. Akashika ubao upande wake bila kuambiwa.

"Baba, Muthamia akiniita Jumamosi, nisiposimama utafanya nini?"

"Shika vizuri, unalegeza."

"Nimeshika."

Mwiti akapigilia msumari, ukapinda, akaung'oa. "Usiniulize hivyo. Unajua mimi ni wa rika lake."

"Na mimi ni wa nani?"

Alisema bila hasira, kama mtu anayeuliza nyundo iko wapi. Mwiti akatafuta msumari mwingine mfukoni kwa muda mrefu, na alipoupata akasema ng'ombe hajanyweshwa maji, akaenda.

Celina alimpata bintiye amesimama pale bado ameushika ubao.

"Amekwambiaje?"

"Ng'ombe hajanyweshwa."

"Amenyweshwa. Nimemnywesha mimi." Celina akatazama alikokwenda mumewe. "Mwache. Babako akipewa neno gumu hulitafuna kama mahindi makavu. Huwezi kumharakisha, atavunjika jino."

"Na wewe, Mama? Ni kahawa yako. Unasemaje?"

"Mimi?" Celina akachukua ubao kutoka mikononi mwake, akauegemeza ukutani. "Mimi nitakaa karibu na wewe. Ukisimama nitakuwa nimekaa karibu na wewe. Ukikaa, pia."

*

Jumamosi uwanja wa kiwanda ulijaa. Wazee walikalia mabenchi ya mbele, wanawake wakatandika magunia chini karibu na vitanda vya kukaushia kahawa, na vijana wakaning'inia kwenye ua. Kathure alikaa kwenye gunia la mamake. Mama Kinoti akaja akajisogeza hapo hapo, ili asikose.

Mgombea wa kwanza aliongea hadi watu wakaanza kusinzia. Kisha akaitwa Muthamia. Alivaa ile ile suti ya buluu, na minong'ono ikapita kwa sababu sasa nyuma yake hakukuwa na kahawa. Alianza vizuri. Alizungumzia mbolea. Alizungumzia malipo yanayochelewa, na wakulima wakaitikia, "Hapo umesema!" Alipotaja jasho la mkulima, sauti ya mwanamke ikatoka nyuma.

"Yako inaota wapi?"

"Nini?"

"Kahawa! Tuambie inaota wapi, tuje tuione!"

"Iko kwa Celina!" mwingine akamjibu, na uwanja ukacheka hadi katibu akagonga meza.

Muthamia alingoja. Hakukasirika, alikuwa amejiandaa. Akatoa kitambaa, akapangusa paji la uso, akatabasamu kama baba.

"Nashukuru mmeuliza. Hilo la bango ni makosa, na mimi kama mzee nalisamehe. Ni makosa ya mtoto. Watoto wetu wa kompyuta wanabonyeza hapa, kinatokea kule. Mimi niliona bango likiwa juu, kama ninyi. Na aliyelifanya yuko hapa, mtoto mwenye heshima, mtoto wa rika langu. Kathure! Simama mwanangu, uwaeleze wakulima, uombe msamaha tuendelee na kazi."

Vichwa viligeuka vyote. Kathure alisikia uso wake unawaka. Akaibana mikono katikati ya magoti. Pembeni Mama Kinoti alisahau kupumua. Celina aliendelea kuondoa majani makavu kwenye sketi yake, moja moja.

"Kathure," Muthamia akasema tena. "Usiogope. Simama."

Hakusimama. Alimtazama Muthamia pale pale usoni, uso aliokuwa anaujua kuliko mtu yeyote mle uwanjani, kila mkunjo.

Kijana mmoja kwenye ua akapiga mluzi. Katibu akatazama saa. Tabasamu la Muthamia likabaki mahali pake, lakini sasa lilikuwa linashikiliwa kwa nguvu. Akawageukia wazee wa mabenchi ya mbele, akamtafuta mmoja, akampata.

"Rika," akasema. "Mwiti. Mwambie mtoto wako asimame."

Hilo halikuwa la kucheka. Kila mzee pale alijua limefungwa kwa kamba gani. Mwiti alikuwa amekaa katikati ya watu wa rika lake, bega kwa bega, fimbo kati ya magoti. Alitazama nyuma mara moja, juu ya vichwa vya wanawake, hadi kwenye gunia alilokaa mkewe na bintiye. Kisha akarudisha uso mbele.

"Mwiti," Muthamia akarudia, na mara hii alisema kwa Kimeru, polepole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. "Mwambie."

Mwiti alivua kofia. Akaitazama ndani, akapangusa ukingo wake kwa kidole gumba, akaivaa tena. Halafu akainua macho juu ya paa la kiwanda, upande wa mlimani, akaanza kutazama mawingu kama mtu anayekadiria mvua itafika saa ngapi; hapana hakuitamka, na Kathure hakuambiwa asimame.